Kiharusi cha panya na kiharusi cha shangazi

Mshike panya buku wa maabara mkiani, umwinue taratibu juu ya meza. Akiwa mzima atanyoosha mikono yote miwili kuelekea chini, kama mtoto anayetaka kushushwa. Akiwa na kiharusi, mkono mmoja utagoma. Utajikunja kifuani na vidole vitajifumba. Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 1986 na bado kinatumika, kwa sababu hakihitaji kitu zaidi ya jicho la mtu makini.

Nilikifahamu nikiwa kijana, nilipokuwa nikitunza wanyama katika maabara moja hapa Nairobi. Kazi yangu ilikuwa maji, chakula na kubadilisha maranda ya vizimba. Kupima ilikuwa kazi ya wenye digrii. Lakini mtu akiona jambo mara mia moja hulijua. Ndiyo maana asubuhi ile kule Kayole, shangazi yangu alipotoka chumbani leso ikimning'inia upande mmoja na mkono wa kulia umejikunja kifuani, nilijua kabla hajafungua mdomo.

Kwa macho, mkono wa panya na mkono wa shangazi ulikuwa ni ule ule. Na hapo ndipo utafiti wa kiharusi umejikwaa kwa zaidi ya miaka arobaini: umeutazama mkono ukaona umefanana, ukasahau kumtazama mwenye mkono.

Panya wa kawaida wa utafiti huu ni dume mwenye umri wa miezi michache. Hajawahi kuugua. Presha yake iko sawa, sukari yake iko sawa, amekula chakula kile kile tangu aachishwe ziwa. Kiharusi chake hutengenezwa kwa mkono. Hupigwa nusu kaputi, hupasuliwa shingo, kisha uzi wa nailoni ambao ncha yake imeviringishwa kwa moto huingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo na kusukumwa takriban sentimita mbili, mpaka uzibe mshipa wa kati wa ubongo. Njia hiyo ilianzia Japani mwaka 1986, na mwaka 1989 ikaboreshwa Marekani ikawa ndiyo njia ya maabara karibu zote duniani. Mpasuaji anatazama saa. Dakika zikitimia anauvuta uzi, na damu inarudi kwa mara moja. Mara nyingi dawa inayojaribiwa huwa tayari kwenye sindano, pengine imeshadungwa hata kabla uzi haujaingia.

Sasa mtazame shangazi. Alikuwa na miaka 61. Miaka sita kabla ya siku ile aliambiwa presha yake iko juu, akapewa dawa, zikaisha, akajisikia vizuri, akaendelea na genge lake la mboga. Hakuna mpasuaji aliyetazama saa siku hiyo. Jirani alisema, "Huo ni upepo mbaya, mpakeni mafuta ya moto," na saa nzima ikapotea tukimsugua. Kliniki ya kwanza walimpima presha wakasoma 214 kwa 120, wakatuambia hawana mashine ya skani. Tukamfunga shuka, tukampakia kwenye teksi, tukakwama kwenye barabara ya Outer Ring kama kila mtu anavyokwama. Shangazi aliniegemea begani. Alikuwa akijaribu kuniambia jambo, na kila alipojaribu lilikuwa linatoka neno moja tu, "maji, maji," na nilipompa maji alitikisa kichwa. Ubongo uliokosa damu hupoteza seli za neva zipatazo milioni 1.9 kwa kila dakika. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2006, nami naikumbuka kila nikipita kwenye barabara ile.

Skani ilipopigwa, muda wa saa tisa ulikuwa umepita. Daktari, kijana mpole sana, alitueleza kwamba ni mshipa ulioziba, wala haukupasuka, na kwamba iko dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Lakini dawa hiyo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na presha sharti kwanza iteremshwe chini ya 185 kwa 110. Kwa shangazi, milango yote miwili ilikuwa imefungwa.

Dawa hiyo ya kuyeyusha bonge ni ushahidi mzuri kwamba mnyama akiulizwa swali sahihi hutoa jibu sahihi. Mwaka 1985, Justin Zivin na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa sungura. Hawakutumia uzi. Walitumia mabonge ya damu yenyewe, wakayapeleka kwenye ubongo kupitia mshipa wa shingo, kisha wakadunga dawa. Sungura waliotibiwa walipata madhara machache. Miaka kumi baadaye, mwaka 1995, wagonjwa 624 walijaribiwa kwa dawa hiyo hiyo ndani ya saa tatu, na waliopewa dawa wakapona vizuri zaidi kuliko waliopewa dawa bandia. Bonge la sungura lilikuwa bonge la kweli, linayeyuka kama la mtu linavyoyeyuka. Uzi wa nailoni hauyeyuki.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi sisi wa huku, kwa kuwa mnyama wake ni nyani. Katika miaka ya 1970, kikundi cha Lindsay Symon huko London kiliziba mshipa wa kati wa ubongo wa nyani, kikapima kiasi cha damu kinachofika na umeme wa ubongo kwa wakati mmoja. Ubongo wa kawaida hupata karibu mililita 50 za damu kwa kila gramu 100 kwa dakika. Ilipoteremka chini ya 20 hivi, umeme ulizimika, lakini seli hazikufa. Zilianza kumwaga potasiamu yake, yaani kuelekea kufa, damu ilipofika chini ya 10. Katikati ya viwango hivyo viwili kuna eneo lililonyamaza ambalo bado liko hai. Mwaka 1981 likaitwa penumbra, kivuli hafifu kama kile cha ukingoni mwa mwezi uliopatwa. Matibabu yote ya haraka ya kiharusi cha mshipa ulioziba duniani leo, hata yale ya kuingiza waya na kulivuta bonge nje, yamejengwa juu ya matumaini ya kukiokoa kivuli hicho. Nyani ndiye aliyetuonyesha. Nasema hivi kwa sababu nawajua watu wanaosema kwamba majaribio ya wanyama hayajawahi kutusaidia chochote kwenye kiharusi, na hilo si kweli.

Lakini baada ya hapo kuna makaburi mengi. Mwaka 2006, watafiti wa Australia walikusanya matibabu yote ya kulinda ubongo yaliyokuwa yamewahi kujaribiwa, wakahesabu 1,026. Kati ya hayo, 114 yalifika kwa wagonjwa wa kiharusi. Ukiiondoa dawa ya kuyeyusha bonge, hakuna lililofanikiwa kwa binadamu kama lilivyofanikiwa kwa panya.

Maarufu zaidi kati ya yaliyoanguka ni dawa iliyoitwa NXY-059, ya kampuni ya AstraZeneca. Ilifanya vizuri kwa panya, ikafanya vizuri hata kwa kima wadogo wa Amerika Kusini. Mwaka 2006 jaribio la kwanza la binadamu likaleta matumaini. Mwaka 2007 likaja la pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, na dawa ikaonekana haina faida yoyote. Mtafiti Malcolm Macleod na wenzake walirudi kwenye majaribio ya wanyama kuangalia kilichotokea. Walikuta kwamba katika jaribio lile la pili asilimia 77 ya wagonjwa walikuwa na historia ya presha. Katika majaribio ya wanyama, ni asilimia 7 tu yaliyotumia wanyama wenye presha.

Sabini na saba kwa saba. Nilipoisoma takwimu hiyo niliweka karatasi chini nikatoka nje kupunga hewa. Shangazi yangu yuko kwenye ile 77, na dawa ilitengenezwa kwa ajili ya panya wasio na presha.

Na panya wa presha wapo. Kozo Okamoto na Kyuzo Aoki waliwazalisha Kyoto mwaka 1963, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakapata ukoo wa panya ambao presha hupanda yenyewe wakikua. Baadaye kikatokea kizazi kinachopata kiharusi chenyewe, bila uzi wala kisu. Wanapatikana kwa kuagiza. Tatizo ni kwamba ukimzibia mshipa panya wa presha, eneo linalokufa ni kubwa zaidi na ni gumu zaidi kuliokoa, kwa hiyo dawa inaonekana dhaifu. Mtafiti anayetaka matokeo ya kupendeza atamchagua yule kijana mwenye afya. Sidhani wote hufanya hivyo kwa hila. Nadhani wengi huchagua kinachofanya kazi, bila kujiuliza kinamfanyia kazi nani.

Kuna mengine ambayo mtunza vizimba huyaona kabla ya profesa. Nilikuwa nikifika kazini saa mbili asubuhi na kuwakuta panya wote wamelala, wamerundikana pembeni mwa kizimba, pua ndani ya manyoya ya mwenzake. Panya ni mnyama wa usiku. Mchana wetu ndio usingizi wake. Majaribio yote yalifanywa mchana, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa macho. Nilishawahi kuuliza kama hilo halina neno, nikajibiwa halina. Mwaka 2020, watafiti wa Boston walichapisha katika jarida la Nature jaribio lililouliza swali hilo hilo: waliwapa panya kiharusi mchana na wengine usiku, kisha wakawatibu kwa njia tatu zilizowahi kusifiwa kuwa zinalinda ubongo. Waliotibiwa mchana, wakati wao wa kupumzika, walisaidika. Waliotibiwa usiku, saa zao za shughuli, hawakusaidika. Binadamu wengi hupatwa na kiharusi wakiwa kwenye saa zao za shughuli. Sijui ni panya wangapi waliokufa kabla swali hilo halijaulizwa kwa uzito.

Jambo jingine ni kadi. Kila kizimba kilikuwa na kadi mbele, na kwenye kadi imeandikwa nani amepewa dawa na nani amepewa maji ya chumvi. Aliyekuja kuwapima kwa kuwainua mkiani aliisoma kadi kwanza. Mkono uliojikunja nusu ni wa kusoma kwa jicho, na jicho lina matumaini yake. Hakuna aliyedanganya katika maabara ile, nina hakika, lakini ukitazama mkono huku unajua jibu unalolitaka, hukosi kuliona. Dawa ya ugonjwa huu ni ndogo mno: geuza kadi. Mwache mtu mwingine achague kwa bahati nasibu nani apewe nini, na anayepima asijue.

Na majaribio yaliyoshindwa hayaandikwi. Mwaka 2010, Emily Sena na wenzake walipitia machapisho 525 ya majaribio ya kiharusi kwa wanyama. Kumi tu yalikiri kwamba matibabu hayakupunguza eneo lililokufa. Kumi kati ya 525! Walikadiria kwamba karibu theluthi moja ya nguvu tunayodhani dawa hizo zinayo inatokana na kutochapishwa kwa yaliyoshindwa. Kila jaribio lililofichwa kwenye droo lina wanyama wake, na mwingine atalirudia akiwa hajui, na wanyama wengine watakufa kwa swali lililokwisha kujibiwa. Kwangu hilo ni kosa la kimaadili kubwa kuliko kile kisu. Panya niliowalea hawakupewa hiari. Kitu pekee tunachoweza kuwalipa ni kuhakikisha kifo chao kimejibu swali.

Marekani wamejaribu kurekebisha. Taasisi ya afya ya taifa ya huko iliunda mtandao wa maabara kadhaa uitwao SPAN, zikajaribu matibabu sita kwa utaratibu mmoja: panya kwa maelfu, dume na jike, wazee, wanene, wenye presha, waliogawanywa kwa bahati nasibu, na waliopima hawakujua nani kapewa nini. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Kati ya yote sita, moja tu lilivuka kizingiti walichokiweka, asidi ya yuriki. Wengine wanaliona hilo kuwa ni mavuno haba. Mimi naona ni mara ya kwanza shamba hili limepepetwa sawasawa.

Sasa turudi nyumbani, maana kuna watakaouliza: Kenya ina haja gani na panya wa kiharusi wakati mgonjwa hapati hata skani? Swali ni la haki. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini wana presha, na zaidi ya nusu ya Wakenya hawakuwa wamewahi kupimwa hata siku moja. Huko Nigeria na Ghana, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 uliitaja presha kuwa ndicho chanzo kikuu cha viharusi, kuliko vingine vyote. Mkanda wa kupimia presha kwenye kila duka la dawa na kila kanisa na msikiti utaokoa watu wengi kuliko maabara yoyote, na ningepewa shilingi moja tu ya kutumia ningeitumia hapo. Hilo sina ubishi nalo.

Lakini Afrika ina kiharusi ambacho dunia tajiri imekiacha nyuma, kile cha mshipa kupasuka. Katika nchi zao ni sehemu ndogo, karibu kimoja katika saba. Kwetu sehemu yake ni kubwa zaidi, huua upesi, na hakuna dawa ya kukitibu kama ile ya bonge. Na namna kinavyoigwa maabara inasikitisha zaidi: panya mwenye afya hudungwa kwenye ubongo kimeng'enya kinachoyeyusha kuta za mishipa, au hudungwa damu yake mwenyewe. Hicho ni kidonda cha siku moja. Mshipa wa mtu wa Kayole hupasuka baada ya miaka kumi au ishirini ya kupigwa na presha kila sekunde, mpaka ukuta wake ukawa kama mpira wa maji uliochakaa kwa jua. Ni nani atakayeiga hilo kama si sisi tunaozikana kwa sababu yake?

Hatuanzi bila chochote. Pale Karen, pembeni ya msitu wa Oloolua, kuna Taasisi ya Utafiti wa Nyani na jamii zake, iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960. Nyani wake wametumika kwa miaka mingi katika tafiti za malaria, kichocho na magonjwa ya uzazi. Nchi nyingi hutafuta wanyama wa aina hiyo kwa taabu, na sisi tunawafukuza kwenye mashamba ya mahindi. Ubongo wa nyani una mikunjo kama wetu, na sehemu nyeupe ya nyaya zake ni kubwa, wakati ubongo wa panya ni laini kama punje ya maharage na una uzito wa gramu mbili hivi. Tusiwapasue nyani kwa wingi, Mungu apishe mbali. Nyani hujua mwenzake, humlilia mtoto wake, na kila mmoja anayetumiwa awe wa mwisho katika mlolongo, baada ya panya wa presha kutoa jibu la wazi. Ninachotaka ni maswali yetu yawemo kwenye mlolongo huo. Panya mzee. Panya jike. Panya wa presha ambaye hajatibiwa. Dawa itolewe baada ya saa sita, baada ya saa tisa, kama matibabu yanavyowafikia watu waliopitia Outer Ring. Na apimwe baada ya miezi, badala ya kuchinjwa kesho yake.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Katika majaribio mengi mnyama huuawa baada ya saa 24, ubongo wake ukakatwa vipande na kutiwa kwenye rangi. Sehemu iliyo hai hugeuka nyekundu, iliyokufa hubaki nyeupe kama chokaa. Mtu hupima weupe huo kwa kompyuta, na ukipungua dawa husifiwa. Nimeviona vipande hivyo kwenye sahani. Ni safi mno, mpaka wa nyekundu na nyeupe umenyooka kana kwamba umechorwa. Lakini shangazi hakuwahi kuishi katika saa 24 hizo. Anaishi katika mwaka wa tatu.

Kuna maabara chache zinazojali hayo. Humwekea panya ngazi ndogo yenye punje za chakula pande zote mbili, wakahesabu ni punje ngapi anaweza kufikia kwa kila mkono, wiki baada ya wiki. Nilimweleza shangazi habari hiyo Jumapili moja, akiwa ameketi kwenye kigoda mbele ya sinia la unga. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia akande unga wa chapati kwa mkono wa kulia kila siku hata kama chapati hazipikwi, naye hukanda. Vidole bado vinajikunja. Huvikunjua kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, akavibandika kwenye unga, akaanza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo panya, wakimwachia yale mazoezi ya ngazi kwa muda mrefu, mkono hurudi?"

Nikamwambia hurudi, sehemu, kwa wanaofanyishwa mazoezi kila siku.

"Sehemu gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono wangu: huweza kufika, lakini kushika kunachelewa. Akaukazia macho mkono wangu muda mrefu, akarudi kwenye unga.

"Basi waandike na hiyo," akasema. "Waandike imechukua siku ngapi."